Sharti na Matokeo: Historia ya Kuwafundisha Vijana wa Afrika Mashariki Sentensi za Masharti za Kiingereza

Utangulizi

Katika madaftari ya wanafunzi wa shule za sekondari za Afrika Mashariki limo kosa moja ambalo walimu wa Kiingereza wamelisahihisha kwa wino mwekundu kwa vizazi kadhaa. Mwanafunzi huandika: 'If I would have money, I would buy a book.' Mwalimu hukata maneno 'would have', akaandika 'had' juu yake, kisha akapunguza alama. Mwanafunzi hushangaa, na mshangao wake una msingi. Katika Kiswahili sentensi hiyo ni 'Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu', na humo kiambishi -nge- kimetokea mara mbili, upande wa sharti na upande wa matokeo. Kijana huyu hakubahatisha wala hakusahau. Alifuata kanuni, ila kanuni aliyoifuata si ya lugha aliyokuwa akiiandika.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi somo la sentensi za masharti lilivyoingia na kukua katika shule za Afrika Mashariki, hususan Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba ule mgawanyo wa 'aina tatu' za masharti, ambao wanafunzi wengi hukariri kana kwamba ndio umbile la Kiingereza lenyewe, ni chombo cha kufundishia kilichotengenezwa na watu wanaojulikana katika miaka inayojulikana. Chombo hicho kililetwa huku lugha za wanafunzi zimefungiwa nje ya darasa. Kwa hiyo ujuzi wao wa masharti, ambao wangeweza kuutumia kama ngazi, ulihesabiwa kuwa ujinga.

Chimbuko la aina tatu

Sarufi za Kiingereza za karne ya 18 hazikuhesabu aina tatu za masharti. Lindley Murray alichapisha sarufi yake mwaka 1795 kwa ajili ya shule moja ya wasichana mjini York. Alilieleza suala hili kwa kufuata desturi ya sarufi ya Kilatini, yaani kwa kutaja hali za kitenzi. Alichotakiwa kukijua msomaji wake ni kwamba baada ya 'if' kitenzi huweza kubadilika umbo, kama ilivyo katika 'if he were'. Wasichana wale walizaliwa na Kiingereza. Hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuunda sharti, bali namna ya kulisema kwa adabu ya wasomi.

Katika shule za wakubwa wa Uingereza za karne ya 19, masharti yalisomwa zaidi kwa njia ya Kilatini chenyewe. Humo mwanafunzi alifundishwa kutenga sharti lililo wazi, sharti linalofikirika tu, na sharti lililo kinyume cha ukweli. Mtu akiuweka mgawanyo huo kando ya 'aina tatu' zinazokaririwa leo, haoni vigumu kutambua undugu wake.

Aliyehitaji jambo jingine ni mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijitokeza Waingereza ambao kazi yao ilikuwa kuwafundisha Kiingereza watu wasiokuwa nacho. Harold Palmer alitoa majedwali yake 100 ya kubadilishia maneno mwaka 1916, na mwaka 1922 akaenda Japani. A. S. Hornby alifika huko mwaka 1924. Kamusi yake ya wanafunzi ilitolewa Tokyo mwaka 1942, na kitabu chake cha mitindo ya sentensi kikafuata mwaka 1954. Watu hawa walitaka sentensi ziwekwe katika mafungu machache yanayoweza kurudiwarudiwa hadi yawe mazoea. Katika miaka hiyohiyo mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1924 kwamba wakati uliopita wa Kiingereza hutumika pia kwa jambo la kuwazia tu. Neno 'had' katika 'if I had money' halisemi lolote juu ya jana.

Kufikia mwaka 1960, A. J. Thomson na A. V. Martinet walipotoa sarufi yao ya vitendo kwa wanafunzi wa kigeni, masharti yalikuwa yamekwisha kupewa nambari. Aina ya kwanza ni ya jambo linaloelekea kutokea: wakati uliopo baada ya 'if', na 'will' katika matokeo. Aina ya pili ni ya jambo lisiloelekea kutokea au la kuwazia: wakati uliopita baada ya 'if', na 'would' katika matokeo. Aina ya tatu ni ya jambo lililokwisha kupita na lisiloweza kubadilishwa tena: 'had' pamoja na kitenzi, kisha 'would have'. Mgawanyo huu ulikuwa na faida zake. Ulimpa mwalimu asiye na uzoefu mahali pa kuanzia, na ulimpa mwanafunzi kitu cha kushika. Lakini ulikuwa kiunzi, na wengi wakaja kudhani kiunzi ndicho nyumba.

Masharti katika Kiswahili

Kijana wa Afrika Mashariki hakuingia darasani mikono mitupu. Kama alijua Kiswahili, alikuwa na -ki- ya 'akija nitamwambia', na ukanushaji wake -sipo- katika 'asipokuja'. Alikuwa na -nge- na -ngali- kwa mambo ya kuwazia, pamoja na maneno kama, iwapo, endapo na lau. Mpango huu ni kamili, na kwa mambo kadhaa ni mnyoofu kuliko ule wa Kiingereza.

Tofauti kubwa ni tatu. Kwanza, Kiswahili huweka alama ya kuwazia pande zote mbili: ningekuwa, ningenunua. Kiingereza hugawa kazi: upande mmoja hupewa wakati uliopita, na upande wa pili hupewa 'would'. Pili, Kiswahili kina kiambishi maalumu cha jambo la kuwazia, na -li- ya wakati uliopita hubaki na kazi yake ya kutaja jambo lililopita. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hivyo huazima umbo la wakati uliopita. Mwanafunzi anaposoma 'if I had', akili yake humwambia 'kama nilikuwa na', na maana yote hupotea. Tatu, -ki- hubeba 'if' na 'when' kwa pamoja. Mama anayesema 'baba akirudi tutakula' hana haja ya kueleza kama ana shaka na kurudi kwa baba, mazingira hueleza. Kiingereza humlazimisha msemaji achague, tena humkataza kutumia 'will' baada ya neno lolote kati ya hayo mawili, ingawa jambo lenyewe ni la wakati ujao.

Wanasarufi wa Kizungu waliokuja pwani waliyaona maumbo haya mapema. Krapf alichapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Steere akatoa kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwaka 1944, baada ya Kiunguja kukubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, ilitokea sarufi ya Bi. E. O. Ashton, ambayo ilitumika kwa miongo mingi. Inafaa ikumbukwe kwamba vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Ilikuwa lazima -nge- ielezwe kwa 'would' na -ngali- kwa 'would have'. Hilo lilikuwa jambo la kawaida katika kazi ya aina hiyo, lakini lilikuja kuwa na matokeo yatakayoelezwa hapa chini.

Ajabu ni kwamba maarifa haya yalikwenda upande mmoja tu. Ofisa Mwingereza aliyejifunza Kiswahili alipewa kitabu kilicholinganisha lugha yake na ile mpya. Kijana Mwafrika aliyejifunza Kiingereza hakupewa ulinganisho wa namna hiyo.

Darasa lisilo na tafsiri

Katika miongo ya kwanza ya ukoloni, Kiingereza kilifundishwa kwa wachache. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini, na waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1927 ulikubaliana na nafasi hiyo. Hata hivyo, si haki kusema kwamba Kiingereza kililetwa kwa nguvu tu. Shule huru za Wakikuyu, zilizoenea baada ya mgogoro wa mwaka 1929, zilitia mkazo mkubwa katika Kiingereza. Wazazi walikwisha kutambua kwamba lugha hiyo ndiyo iliyofungua milango ya ofisi, na walishuku kwamba kunyimwa Kiingereza ni kunyimwa milango hiyo. Shule hizo zilifungwa au kutwaliwa na serikali wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Mabadiliko makubwa ya mbinu yalitokea baadaye kidogo. Mwaka 1957 kilianzishwa mjini Nairobi kituo maalumu cha kutengeneza masomo ya kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jaribio hilo lilianza katika shule za watoto wa Kiasia, kisha likaenea katika shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach. Mnamo Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kwamba mkutano huo uliimarisha imani kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza pekee. Nchini Kenya, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Mbinu hiyo haikukosa sababu. Katika darasa la mjini watoto walitoka katika jamii nyingi, na mara nyingine mwalimu hakujua lugha zao zote. Tena, mtindo wa zamani wa kutafsiri neno kwa neno uliwafanya wanafunzi waijue sarufi bila kuweza kusema. Kwa masomo ya mwanzo mbinu ya moja kwa moja ilifaa: mwalimu huinua kitabu, akataja jina lake, na watoto wakarudia. Huenda mlangoni, akaeleza afanyalo, nao wakaona.

Lakini sharti halionyeshwi kwa kidole. Mwalimu aweza kuinua kitabu alichokinunua. Hawezi kuinua kitabu ambacho angalikinunua kama angalikuwa na pesa. Hapa ndipo mbinu ya kuonyesha ilipogota, na pengo likazibwa kwa jedwali. Sehemu ya kwanza ya sentensi iliandikwa mkono wa kushoto wa ubao, ya pili mkono wa kulia, na wanafunzi wakaunganisha kwa sauti moja, safu baada ya safu. Waliweza kumaliza kipindi kizima bila kosa, na kesho yake katika insha wakaandika 'If I would have money'. Jedwali liliwapa umbo bila kuwaambia kwa nini umbo hilo lapingana na lile walilo nalo kichwani. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha kuwaambia, lakini sentensi hiyo haikuruhusiwa ubaoni.

Uzito wa kosa dogo

Ni rahisi kuyaona haya kuwa mambo madogo ya sarufi. Kwa kijana wa miaka 14 au 15 hayakuwa madogo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameeleza jinsi wanafunzi waliopatikana wakisema Kikuyu shuleni walivyoadhibiwa na kutahayarishwa. Ameeleza pia habari za mwenzake mmoja wa darasa la mwaka 1954 aliyefaulu sana katika masomo yote isipokuwa Kiingereza; akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Mahali ambapo mtihani mmoja wa lugha huamua maisha, kila alama inayokatwa kwa wino mwekundu ina bei yake.

Tanzania ilionyesha uzito huo kwa namna nyingine. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alihitaji masharti mara moja, si kwa somo la Kiingereza tu, bali kwa fizikia na kemia. Sayansi imejaa masharti: chuma kikipashwa joto hutanuka, maji yakifika nyuzi 100 huchemka. Kiswahili huyasema haya kwa -ki- na hu- bila taabu yoyote. Katika Kiingereza sentensi hizo huwa na wakati uliopo pande zote mbili, nazo hazikupata nambari yake katika ile hesabu ya aina tatu. Zilitajwa kama tawi la aina ya kwanza, na baadaye ndipo walimu walipoziita 'aina ya sufuri'. Kwa hiyo sharti ambalo kijana alilihitaji kuliko yote ndilo lililopewa nafasi finyu kuliko yote. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo.

Jedwali larudi katika Kiswahili

Nchini Kenya, Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 na Tume ya Mackay ya mwaka 1981 zilikitetea Kiswahili, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 somo hilo likawa la lazima na la kutahiniwa. Hii ilikuwa hatua kubwa. Vitabu vya mazoezi vikahitajika kwa wingi, na kila kitabu kikahitaji kanuni zilizo rahisi kusahihishwa. Ndipo masharti yalipopangwa hivi: -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kutokea, -ngali- ni ya jambo lililopita na lisilowezekana tena, wala mwanafunzi asichanganye viambishi hivyo katika sentensi moja.

Mpango huu wafanana mno na aina ya pili na ya tatu za Kiingereza. Hapana shaka una msingi katika lugha, kwa kuwa wapo wasemaji na waandishi wanaoufuata. Lakini uchunguzi wa wanaisimu katika robo ya mwisho ya karne ya 20 ulionyesha kwamba wasemaji wengi hawaitunzi mipaka hiyo. Mtu wa Mombasa au Unguja husema 'Ungekuja jana ungemkuta', na hakuna anayedhani kwamba jana bado inaweza kurudi. Methali isemayo 'Ningalijua huja nyuma' wapo waisemao kwa 'ningejua', na majuto hayapungui. Wakati huonyeshwa na neno jana na mazingira ya maneno. Kiambishi huonyesha kwamba jambo ni la kuwazia.

Hivyo kijana wa Kenya amejikuta baina ya moto miwili. Katika kipindi cha Kiingereza hukatiwa alama kwa kuweka alama ya kuwazia pande zote mbili, kama afanyavyo katika Kiswahili. Katika kipindi cha Kiswahili hukatiwa alama kwa kutumia -nge- kwa jambo lililopita, kama wafanyavyo wenye lugha. Darasa moja lilifunga mlango kwa Kiswahili. Jingine likaacha kivuli cha Kiingereza kiingie bila kuulizwa jina.

Wataalamu walipogeuza nia

Fikira zilizohitajika ili kuitatua shida hii hazikukosekana. Robert Lado alitoa mwaka 1957 kitabu cha kulinganisha lugha, akidai kwamba ugumu mwingi wa mwanafunzi hutoka katika tofauti baina ya lugha yake na ile anayojifunza. Mwaka 1967 Pit Corder alikwenda mbele zaidi: kosa la mwanafunzi, alisema, ni ushahidi wa mpango anaoujenga akilini, na mwalimu asiyelisoma ushahidi huo hupoteza msaada mkubwa. Mwaka 1972 Larry Selinker akaupa jina mpango huo wa katikati, usio lugha ya kwanza wala ya pili.

Kiunzi cha aina tatu nacho kilianza kutikiswa. Sarufi kubwa ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1972 iliyagawa masharti mara mbili tu: yaliyo wazi na yaliyo ya kuwazia. Mwaka 1986 Michael Lewis aliwakosoa walimu kwa kuwakaririsha wanafunzi mafungu ambayo hayalingani na wingi wa sentensi za masharti zinazosemwa kila siku. Lakini habari hizi zilifika polepole katika shule za mashambani, ambako nakala moja ya kitabu ilitumika miaka mingi na mtihani uliendelea kuuliza yaleyale.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya yaonekana kwamba ugumu wa sentensi za masharti haukutoka kwa vijana wala haukutoka kwa Kiingereza peke yake. Ulitokana na kulichukua jedwali lililotungwa kwa wanafunzi wa mahali popote, likafundishwa katika darasa ambamo lugha za mahali hapa zilikatazwa kusema.

Haifai kudai kwamba Kiswahili peke yake kingetosha kuwa dawa. Wanafunzi wengi wa Kenya hukifika Kiswahili wakitokea katika lugha nyingine, na kila lugha ina njia yake ya kusema sharti. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza ulinganisho, si ya kuuacha. Mwalimu hahitaji kitabu kipya wala mashine. Anahitaji kuandika 'Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu' ubaoni, chini yake aandike sentensi ya Kiingereza, kisha aulize darasa -nge- ya kwanza imekwenda wapi. Wanafunzi wenyewe watagundua kwamba imegeuka 'had', na kwamba wakati uliopita wa Kiingereza umeitwa kufanya kazi nyingine. Wenye lugha nyingine za mama wataeleza zao zinafanyaje.

Mtaala wa umilisi ulioanza Kenya mwaka 2017 unasisitiza kwamba mwanafunzi ajenge maarifa juu ya yale anayoyajua. Kwa somo la masharti, kanuni hiyo ina maana moja iliyo wazi: lile neno 'would' la kwanza linapokatwa kwa wino mwekundu, pembeni pake mwalimu aandike pia kwamba mwanafunzi amefikiri sawasawa, kisha amwonyeshe mahali ambapo lugha mbili zimeachana njia.